Unatoka nyumbani kwa kipigo na uko Arusha au Moshi: jinsi ya kufika nyumba salama, hatua kwa hatua

Kila wiki swali ni lile lile. Linakuja kwa meseji saa nane usiku, au dada anaingia dukani kwangu anajifanya anauliza bei ya kitenge halafu anainama ananong'ona, "eti zile nyumba za serikali za wanawake wanaopigwa ziko wapi?" Mi ni msaidizi wa kisheria hapa Moshi, kabla sijahamia huku nilikaa Ngarenaro Arusha na huko nako nilikuwa naulizwa hivyo hivyo, kwahiyo nimeona niandike mara moja kwa mpangilio, mtu asome, na kama ana mwenzie hajui kusoma amsomee.

Naanza na hilo swali la "ziko wapi". Dada, achana nalo. Nyumba salama mahali ilipo ni siri, hutakuta kibao barabarani, hakuna atakayekutajia kwa simu, na hata mimi zile ninazozijua sizitaji hapa, kwasababu yule aliyekukimbiza na panga jana leo yuko kwenye bodaboda anauliza uliza. Unachotakiwa kutafuta ni mtu wa kukupeleka. Na hao watu ni wawili: polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, au Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri unayoishi. Ukimpata mmoja wao, nyumba umeipata au uko karibu sana kuipata.

Na hilo neno "za serikali" lisikuchanganye. Nyumba nyingi zinaendeshwa na mashirika na taasisi za dini, serikali inazisajili na kuzisimamia kupitia Ustawi wa Jamii, ndo maana mlango wake unapita polisi na ustawi. Anayekwambia lipa elfu hamsini nikuunganishe na nyumba salama ni tapeli, mkimbie.

Kama sasa hivi unavyosoma yuko mlangoni anapiga kelele, usiendelee kusoma. Toka, piga 112, kimbilia penye watu wengi, dukani kwa mangi, kanisani, msikitini, kijiweni kwa bodaboda, popote penye macho. Kama huwezi kutoka usikimbilie jikoni (kuna visu na mchi) wala chumba chenye mlango mmoja, kaa upande wa mlango wa nje na upige kelele watu wasikie. Mengine yote yatafuata ukiwa hai.

VITU VYA KUANDAA

Hii ni kwa wewe mwenye siku mbili tatu za kujipanga. Usipovipata vyote nenda hivyo hivyo, hakuna nyumba inayomkatalia mtu kwasababu hana cheti cha ndoa.

- Kitambulisho cha NIDA, au ile namba ya tarakimu 20 iandike kwenye karatasi
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi zao za kliniki
- Cheti cha ndoa kama kipo, kadi ya bima kama unayo, vyeti vyako vya shule
- Dawa unazotumia kila siku (presha, kisukari, ARV) na ile kadi yako ya kliniki
- Nauli. Elfu ishirini au thelathini ya noti ndogo ndogo, sio yote kwenye simu
- Nguo mbili tatu zako na za watoto, kanga, pedi, sare za shule
- Kitochi chenye line ambayo haijui, na chaja yake
- Karatasi yenye namba za simu tano muhimu kwa mkono, maana simu ya kwanza kuvunjwa ni yako
- Picha za majeraha, meseji za vitisho, karatasi za hospitali za zamani

Begi usilipange likakaa chini ya kitanda, anaweza kuliona na hapo ndio watu wanaumizwa vibaya. Vitu vitoke kidogo kidogo. Kuna mama mmoja alivitoa kwa ndoo ya kufulia, wiki nzima alikuwa anaenda kufua kwa dada yake sababu kwake maji yalikuwa yanakatika, ndoo kichwani, juu nguo chafu, chini sare za watoto, na vyeti vimefungwa kwenye mfuko wa sukari vikafungwa tena na kipande cha kanga visilowe. Mumewe alikuwa anakaa kibarazani anamwangalia akipita. Siku ya kuondoka alitoka na mtoto mgongoni na kikapu cha sokoni, basi.

Cheti original kikikosekana au kikiwa kimefungiwa kabatini usipigane nacho, piga picha kama unaweza, vyeti vinatolewa upya.

HATUA

1. Safisha simu kabla hujamwambia mtu yeyote

Nimeiweka ya kwanza makusudi maana wengi wanakamatwa hapa. Anajuaje uko wapi? Mara nyingi kupitia simu aliyokununulia mwenyewe. Ingia WhatsApp angalia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kompyuta au simu usiyoijua maana yake kuna mtu anasoma. Angalia akaunti ya Google iliyo kwenye simu kama ni yako au aliifungua yeye, maana mwenye hiyo akaunti anaweza kuona simu iko wapi. Zima lokesheni.

Halafu piga *106# uone line zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kama line unayotumia imesajiliwa kwa jina lake hapo kuna hatari mbili, anaweza kwenda kuirudisha kwenye kadi nyingine akachukua hela zako zote za kwenye simu, na namba yako ikawa kwake akawa anajibu meseji kama wewe. Hela hamisha mapema kwenye line yako au kwa mtu unayemwamini.

Onyo: ukifuta kila kitu ghafla na ukabadilisha namba ya siri wiki nzima kabla ya kuondoka atashtuka. Yale makubwa (kutoa akaunti, kuvunja line) fanya siku ya kuondoka. Na hii unayosoma ukimaliza ifute kwenye historia.

2. Chagua mtu mmoja tu

Mmoja, sio watatu. Asiwe ndugu wa mume hata kama mnapendana sana, asiwe rafiki ambaye mume wake anakunywa na mume wako. Mama wa jumuiya, mweka hazina wa vikoba, mwalimu wa mtoto, muuza mboga, mtu ambaye hana sababu ya kulipeleka neno. Mpe begi dogo, mpe nakala za vyeti, na mkubaliane neno la siri. Nimeshaona wakitumia "nirudishie sufuria yangu", ikija hiyo meseji yule mtu anajua apige polisi bila kuuliza.

Mama mzazi? Hili linauma ila naomba unielewe. Wamama zetu wengi wa huku kwetu bado jibu lao ni "vumilia mwanangu, hata mimi nilivumilia", na kesho yake ameshaita kikao cha ukoo na mume amekaa mbele anaomba msamaha kwa ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma). Mwambie ukishakuwa salama.

3. Panga saa na njia

Saa nzuri ni ile anayojua kabisa hutakuwepo nyumbani: sokoni, kliniki, kupeleka watoto shule. Siku nzuri ni Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi, kwasababu ofisi za ustawi wa jamii Jumamosi na Jumapili zimefungwa, ukitoka Ijumaa jioni utalala kituoni au kwa mtu hadi Jumatatu. Ila kama ni hatari usisubiri Jumatatu, polisi hawafungi.

Usitumie bodaboda wa kijiwe cha mtaani kwenu. Anakujua, anamjua, akipewa elfu tano anasema alikushusha wapi. Tembea hadi barabara kubwa panda hiace. Usichukue gari ya kwenda kwenu kijijini, ndio sehemu ya kwanza atakayokwenda.

Watoto waende na wewe. Kumbeba mwanao unapokimbia kipigo sio kumuiba, wewe ni mzazi kama yeye, ila hakikisha unakwenda kutoa taarifa siku hiyo hiyo ili akija kituoni kusema mke wangu kaiba watoto akute jalada lipo. Watoto wenyewe usiwaambie mpango hadi mko njiani, mtoto wa miaka sita hawezi kubeba siri, na sio haki kumbebesha.

4. Nenda Dawati la Jinsia

Nenda kituo kikubwa cha polisi cha wilaya au cha kati, vituo vidogo vya mtaani vingine havina dawati. Sio lazima kiwe kituo cha mtaa wenu, kama mume ana marafiki pale nenda kingine.

Ukifika kaunta utaulizwa shida yako mbele za watu. Huna haja ya kueleza pale. Sema hivi: "Naomba kwenda Dawati la Jinsia na Watoto." Wakikupeleka ndani, mara nyingi ni chumba pembeni na askari wa kike yupo, hapo eleza. Na eleza kwa mpangilio huu maana wanaandika:

Amekufanya nini mara ya mwisho, lini, saa ngapi, kwa kitu gani. Kabla ya hapo imeshatokea mara ngapi. Amesema atakufanya nini ukiondoka. Ana silaha? Watoto wako wapi? Halafu malizia kwa sentensi hii usiisahau: "Siwezi kurudi nyumbani leo, sina pa kulala penye usalama, naomba nyumba salama."

Hiyo sentensi ndio inayobadilisha kila kitu. Wamama wengi wanaeleza kipigo saa nzima, wanalia, askari anaandika, halafu wanaulizwa "sasa unataka tumkamate?" wanasema hapana, basi wanarudishwa nyumbani na barua ya wito ya kumpelekea mume. Yaani unampelekea mwenyewe! Ukiambiwa hivyo kataa, sema naogopa, polisi wapeleke wao.

Toka pale na vitu viwili: namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) na fomu ya PF3 kama umeumia (fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha yako). Vyote ni bure. Namba ya RB iandike kwenye kiganja kama huna karatasi, kesi bila namba ukirudi wiki ijayo inatafutwa kama sindano.

5. Hospitali

Kama unavuja damu, umepigwa kichwani, umekabwa shingo au una mimba, hatua hii inakuja kabla ya polisi, nenda moja kwa moja, PF3 itafuatwa baadaye. Arusha watu wengi wanakwenda Mount Meru, Moshi ni Mawenzi au KCMC. Kukabwa shingo naomba nikazie: hata kama hakuna alama na unaona uko sawa, mwambie daktari umekabwa, koo linaweza kuvimba masaa baadaye. Na mwanaume aliyefikia kukukaba, ondoka usisubiri awamu nyingine.

Kama umebakwa, hata kama ni mume na wewe mwenyewe huliiti hivyo: dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, mapema zaidi ndio bora, na vidonge vya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Usioge, usijisafishe, nguo ulizovaa weka kwenye mfuko wa karatasi la khaki au bahasha, sio rambo, kwenye rambo ushahidi unaoza. Kama umeshaoga nenda hivyo hivyo.

Muulize nesi kama hapo kuna kituo cha mkono kwa mkono. Panapokuwa na hicho kituo unakuta daktari, polisi na ustawi wa jamii sehemu moja, hutarudia hadithi yako mara nne kwa watu wanne. Hata pasipokuwepo, hospitali kubwa ina afisa ustawi wake, mwombe.

PF3 daktari akishaijaza ipige picha kabla ya kuirudisha polisi. Zinapotea.

6. Afisa Ustawi wa Jamii

Huyu ndio anayeandika ile barua ya kukupeleka nyumba salama. Polisi wa dawati anaweza kumpigia, au unakwenda mwenyewe halmashauri: Jiji la Arusha, Arusha DC (yaani halmashauri ya wilaya), Meru, Manispaa ya Moshi, Moshi DC, Hai na kwingine, kila halmashauri ina ofisi yake. Angalia mpaka, wengi wa pembezoni mwa Arusha wanakwenda Jiji kumbe wao ni Arusha DC, asubuhi nzima inaishia kwenye foleni isiyo yao. Ukijichanganya omba wakupigie simu ofisi husika, usikubali tu kuambiwa "nenda kule" ukiwa na watoto wawili na begi.

Atakuhoji kwa muda mrefu. Atauliza watoto, afya, ndugu, kazi, pombe, kama una mtu mwingine wa kukaa naye salama. Jibu ukweli wote, hata yale unayoona yanakudhalilisha. Kama una VVU sema, kama una mimba sema, kama mtoto ana kifafa sema, sio wa kukuhukumu, anatafuta nyumba inayoweza kukupokea na hali yako. Kuna dada alificha dawa zake akakaa siku nne bila kumeza kwa aibu, na zingekuwepo pale pale angesema tu.

Mwambie pia wazi kama mji mzima mume anakujua. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita kama 80 tu, na kuna wanaopelekwa upande wa pili kwa usalama wao.

Moshi mjini kuna pia KWIECO, shirika la siku nyingi toka 1987, wana msaada wa kisheria na wana nyumba ya hifadhi, ukifika ofisini kwao wanakuunganisha na ustawi na polisi. Arusha kwa mambo ya sheria kuna ofisi za TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na hata mtaani kuna wasaidizi wa kisheria kama mimi, tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yetu ni bure.

7. Usiku wa kwanza na maisha ya ndani

Watu wanafikiria jela au wanafikiria hoteli. Ni nyumba. Kuna vitanda, kuna jiko, kuna zamu ya kuosha vyombo, kuna mtoto wa mwenzio atakayelia saa tisa usiku. Utaandikishwa, utaelezwa sheria, na mara nyingi simu itashikiliwa au itazimwa siku za mwanzo. Hapo wengi wanakasirika wanaona wananyanyaswa tena. Ni kwa sababu simu moja ikiwashwa lokesheni wote mliomo mmejulikana, na wenzio nao wana wanaowatafuta.

Usimwambie mtu ulipo. Hata yule mtu wako mmoja. Mwambie tu "niko salama nimekula". Usipige picha ukaweka status, hata ya mtoto akicheza, nyuma yake kuna geti, kuna mlima, kuna mnara, mtu anayepajua mtaa anaujua.

Usiku wa kwanza hutalala, au utalala kama umezirai. Wiki ya pili ndio mbaya, unaanza kukumbuka mazuri yake, unaona labda ulizidisha, unakumbuka kuku zako. Hiyo inawapata karibu wote niliowasindikiza. Usitoe uamuzi mkubwa wiki hiyo, ongea na mshauri aliyepo ndani.

8. Anza kazi ukiwa ndani, muda ni mfupi

Nyumba salama ni ya muda. Wanaokaa wakisubiri tu siku ya kutoka inawakuta hawana pa kwenda, na hao ndio wanarudi kwa mume. Kwahiyo wiki ya kwanza ile ile uliza:

Matunzo ya watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana baba atunze, mmefunga ndoa hamjafunga. Unaanzia ustawi.

Kesi ya kipigo. Fuatilia na RB yako. Na ukisikia mtu anakwambia mume ana ruhusa ya kumrudi mke kwa kiboko, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenza mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Ni toka 1971!

Talaka na mali, kama unataka. Talaka kwa kawaida inapitia Baraza la Usuluhishi kwanza halafu mahakama, haiharakishwi kwa kulala nyumba salama na wala kulala kule sio kuachika. Mali hupotezi kwa kuondoka. Nyumba ya ndoa hana ruhusa ya kuiuza bila ridhaa yako, na "mi nilikuwa mama wa nyumbani tu sikuchangia" sio kweli, Mahakama ya Rufani toka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed ilishasema kazi za nyumbani ni mchango. Kihamba cha ukoo (shamba la urithi la Wachaga) ni mgogoro mwingine mrefu, huo kaa na mwanasheria.

Shule. Watoto wahamishwe kupitia afisa ustawi, na mwombe jina la shule mpya lisitajwe kule walikotoka. Baba akienda kwa mwalimu mkuu kwa upole na soda mkononi anapewa.

IKIKWAMA

"Polisi wameniambia ni mambo ya ndani, rudini mkayamalize." Ilishanitokea nimemsindikiza mtu, kituo sikitaji, jicho limefumba limevimba na bado anaambiwa hivyo. Usigombane. Omba kumuona mkuu wa kituo au mkuu wa dawati wa wilaya. Wakigoma ondoka nenda ustawi wa jamii moja kwa moja, au kituo kingine, au hospitali. Milango iko mingi na mmoja ukifungwa usirudi nyumbani kwa hasira.

"Wananiomba hela ya mafuta au ya fomu." Fomu ni bure. Sema kwa utulivu huna, uliza jina la anayeomba, mpigie msaidizi wa kisheria mbele yake.

"Mume wangu ni askari", au ni mtu mkubwa, au ni mchungaji. Usianzie wilaya anayofanyia kazi. Anzia ustawi au shirika la kisheria, wao watakupeleka dawati la kwingine.

"Nyumba imejaa." Inatokea. Mwambie afisa kwamba huondoki ofisini hadi ipatikane njia: nyumba ya wilaya nyingine, kulala hospitali kama umeumia, au ndugu ambaye mume hamjui na polisi wana namba yake. Wewe baki hapo umekaa. Ukitoka nje ya geti faili linafungwa kichwani mwao.

"Nina mtoto wa kiume miaka 13." Baadhi ya nyumba hazipokei mvulana mkubwa kulala na wanawake. Sema mapema ili itafutwe inayopokea, au apangiwe sehemu karibu. Usimwache kwa baba kwa muda, wanatumiwa kama chambo.

"Nimeondoka bila watoto." Nenda ustawi leo, usiende kuwachukua peke yako. Chini ya miaka 7 sheria ya ndoa inaanzia kwenye dhana kwamba ni vizuri wakae na mama, na kwa wakubwa ustawi na mahakama wanaangalia usalama wao.

"Hatujafunga ndoa." Nyumba salama haiulizi pete. Na mkikaa pamoja miaka miwili na zaidi watu wakiwajua kama mke na mume, mahakama inaweza kuwachukulia hivyo kwenye mambo ya mali.

"Mimi ni binti wa kazi, ninayepigwa na bosi", au una chini ya miaka 18, au wanataka kukukeketa au kukuoza. Piga 116, ni bure, ni namba ya huduma kwa mtoto. Jirani pia anaweza kupiga kwa niaba yako, na majirani mnaosoma hii naomba mpige.

"Alinipata, alikuja na wazee, nikarudi naye." Sawa. Hakuna atakayekufukuza ukija mara ya pili, nimewasindikiza waliokuja mara ya tatu. Begi lako jipya usiliweke pale lilipokuwa la kwanza, badilisha neno la siri na yule mtu wako, na RB ya kwanza itunze, ukija tena wanaanza kusoma kuanzia pale.